Nyongeza Yenye Chawa

Mtaani walimwita Bibi Nyongeza, na jina hilo hakupewa kwa kejeli. Mteja aliyenunua miche kumi kitaluni kwake hakuruhusiwa kuondoka na miche kumi. Ilikuwa lazima atiwe mkononi kichaka kimoja cha maua meupe, kile chenye majani madogo yanayong'aa na harufu inayomfanya mpita njia asimame na kuuliza nani ameoga kwa sabuni gani. Vichaka hivyo Bibi aliviotesha mwenyewe. Alikata vitawi kutoka kwenye kichaka kikubwa kilichosimama barazani pake, akavichomeka kwenye mifuko ya udongo na kuvinywesha maji mpaka vikashika. "Kutoa ni moyo, si utajiri," alikuwa akisema, na mteja akikataa nyongeza, Bibi alimtazama kama mtu aliyekataa salamu.

Mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, hakuwa na neno na nyongeza. Yeye shughuli yake ilikuwa kisu. Alijua kubebesha miti: unachukua mche wa mlimau wenye mizizi ya shari, unaupasua gome kidogo, unaupachika jicho la mchungwa mtamu, unafunga kwa utepe wa plastiki na kuomba Mungu. Mkono wake ulikuwa mwepesi hata wateja wakampachika jina la Mama Kisu, ingawa hajawahi kumkata mtu yeyote zaidi ya yeye mwenyewe.

Bibi hakuipenda kazi ile hata chembe. Kwake yeye mti ulitakiwa utoke kwenye mbegu, ukue, uzae, basi. "Kuukata mti halafu kuufunga bendeji ni kuulemaza," aliwaambia mtaa mzima, na kwa kuwa Bibi hakuwahi kujifunza kunong'ona, mtaa mzima ulisikia. Miaka sita Mama Kisu alibebesha miche yake pembeni, kwenye kona ya kitalu, kama mtu anayeiba. Mwaka huu alipiga magoti, akaomba banda zima. Bibi alifikiri siku mbili, akampa jibu: "Chukua, mke wa mwanangu. Mwaka mmoja. Ikifa hiyo miti yako, tunarudi kwenye mbegu, na hicho kisu utakatia vitunguu."

Basi kwenye banda ikasimama miche elfu moja na mia moja ya michungwa, na hakuna hata mmoja ambao haukupita mikononi mwa Mama Kisu. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa safari ndefu. Akirudi alipita katikati ya mistari akisema, "Safi, safi sana," kisha akalala mpaka kesho yake. Mama Kisu alimpenda, lakini "safi" ya mumewe haikumtosha. Alitaka kuisikia kwa mwingine.

Siku ya mkasa ilianza vizuri, kama zilivyo siku zote za mkasa. Bwana Mkaguzi wa mimea alikuja na pikipiki yake na kioo cha kukuzia kikining'inia kifuani. Alikuwa mwembamba na mpole, mwenye kuzungumza taratibu, kana kwamba maneno amegawiwa machache na hajui atapata mengine lini. Alipita mstari wa kwanza na wa pili, akigeuza jani moja moja. Kwenye mstari wa tatu akasimama.

"Mama, njoo. Unamwona?"

"Namwona mdudu."

"Amekaaje?"

Mama Kisu alitafuta neno la heshima, akalikosa. "Kichwa chini, matako juu."

"Kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Ndiye huyo. Chawa wa mimea, yule anayeruka." Mkaguzi alisogeza kidole. Mdudu, ambaye hakuzidi punje ya mchele iliyokatika, akajirusha na kupotea.

Akamweleza. Chawa yule ana mdomo kama sindano, anautumbukiza kwenye kichipukizi na kunyonya maji ya mti. Hilo dogo. Kubwa ni kwamba akinyonya mti mgonjwa, anaondoka na ugonjwa mdomoni na kuupelekea mti wenye afya. Majani yanapauka mabaka mabaka, machungwa yanakuwa madogo, yamepinda, machungu, upande mmoja kijani mpaka yanaanguka. Dawa yake haijapatikana. "Kitalu chenye chawa hawa hakiuzi miche, kinauza ugonjwa," alisema. Kisha akainama, akatenganisha majani machanga ya mche mmoja, akamwonyesha watoto watatu wa chawa, bapa, wa rangi ya njano, wamejibana kwenye kikonyo.

Alifunga utepe mwekundu mlangoni mwa banda. "Siku ishirini na moja," akasema. "Mkubwa nikimkuta mmoja mmoja nitavumilia, maana ana mabawa, ni mgeni, anatua popote. Lakini mtoto hana pa kwenda. Nikimkuta mtoto mmoja tu aliye hai, nitajua hapa ndipo kwao. Na nitachoma miche yote, mama. Sitabagua."

Bibi Nyongeza, aliyekuwa amesimama nyuma yao muda wote mikono kiunoni, alipata la kusema. "Si nilisema? Mti ukishaukata kata, utaacha kuugua?" Hata hivyo Mkaguzi alipokuwa akiwasha pikipiki, alimkimbilia na kumkabidhi kichaka cha maua meupe. Mkaguzi alisema sheria haimruhusu kupokea zawadi. Bibi alinuna mpaka jioni.

Mama Kisu hakununa, hakuwa na nafasi hiyo. Alipitia miche elfu na mia moja, mmoja mmoja, akiwaponda watoto wa chawa kwa kucha za vidole gumba na kuosha vichipukizi kwa maji ya sabuni. Siku ya tatu mgongo ulimuuma, siku ya nne ukaacha kuuma maana ulikuwa umekufa ganzi. Siku ya tano hapakuwa na mtoto hata mmoja bandani. Lakini kila asubuhi akifika aliwakuta wakubwa wapya, vichwa chini, matako juu, wamepanga foleni kwenye majani machanga kana kwamba wameitwa. Anawaua kumi, kesho yake wako kumi na wawili.

"Wanatoka wapi hawa?" aliuliza.

"Labda wanatoka kwenye mabendeji," alisema Bibi.

Siku ya sita, saa za mchana, alikaa kwenye benchi la barazani kunywa maji. Alipotaka kuinuka, gauni lilikataa. Lilikuwa limenata kwenye benchi. Jambo hilo halikuwa geni nyumbani pale. Wageni wote wa Bibi walikuwa wakiinuka pale kwa kuvuta nguo, na Bibi alikuwa akijivunia: "Ua langu hilo, linadondosha asali! Mmeona wapi ua lenye baraka kama hiyo?" Watu walikubali, maana nani atabishana na mwenye benchi? Lakini siku hiyo Mama Kisu, kwa kuwa siku sita macho yake hayakuwa yakitazama kitu kingine zaidi ya vichipukizi, aliinua uso na kukitazama kichaka kikubwa cha maua meupe kilichoinamia benchi. Akavuta kitawi kichanga.

Hakuamini. Akatoka mbio mpaka kwa Fundi Saa, jirani wa nyumba ya tatu, akamwomba ile lenzi yake ya kubana jichoni.

"Saa gani imekuharibikia?" aliuliza Fundi Saa.

"Saa yangu mwenyewe, shemeji. Nipe, nitakurudishia sasa hivi."

Alirudi, akabana lenzi jichoni, na pale pale akawaona. Walikuwa mamia. Wamejazana kwenye vichipukizi, njano kama wale wa bandani, macho mekundu, kila mmoja akitoa nyuma yake uzi mweupe uliojisokota na tone la maji matamu. Hiyo ndiyo asali. Kikulacho ki nguoni mwako, na kama hakiko nguoni basi kiko kwenye benchi.

Sasa angesemaje? Kichaka kile Bibi alipewa na mama mkwe wake mwenyewe siku alipoingia nyumba hii, kikiwa kitawi cha urefu wa kalamu. Mama Kisu alizunguka uani mara tatu, akapanga maneno ya adabu, akayapangua. Mwisho alimpelekea Bibi lenzi na kusema tu, "Mama, naomba utazame kitu."

"Nitazame nini?"

"Ua lako."

"Ua langu nalijua."

"Najua unalijua, mama. Litazame."

Bibi alibana lenzi jichoni kwa shida, akasogeza uso mpaka pua ikagusa majani. Mama Kisu alisubiri matusi, na kusema kweli alikuwa amejiandaa kuyapokea. Hayakuja. Bibi alitoa lenzi, akaifuta kwenye kanga yake, akakaa kwenye lile lile benchi lenye kunata.

"Hawa ndio watoto wao?"

"Ndio, mama. Huku ndiko wanakolelewa. Kwenye michungwa wanakuja kula na kutaga, lakini hapa ndipo wamejaa."

"Na mimi nawanywesha maji."

"Hukujua, mama."

"Asubuhi na jioni nawanywesha." Akatikisa kichwa. Kisha likamjia jambo jingine, na Mama Kisu akaliona likimjia usoni, maana lilikuwa limeshamjia yeye pia. "Mke wa mwanangu. Tumegawa mangapi?"

Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Duniani kuna vitalu vingi vyenye wadudu, lakini kitalu kinachomuuzia mtu mchungwa na kumfungashia na nyumba ya chawa wa mchungwa, bure, tena kwa kumlazimisha, nadhani kilikuwa hicho kimoja. Mtaa ule tu, kwa hesabu ya Bibi, ulikuwa na vichaka ishirini na vitatu, pamoja na chake mwenyewe. Kung'oa cha barazani na kuviacha vya majirani ingekuwa ni kufagia ndani ya nyumba isiyo na mlango.

Bibi alianza na cha kwake, alfajiri, wakati baridi bado imewashika chawa miguu. Alikataa kusaidiwa. Kwanza alikifunika kichaka chote kwa shuka iliyolowa maji ili wakubwa wasiruke, akakifunga kwa kamba kama anayemfunika mgonjwa, ndipo akashika jembe. Mizizi ilikuwa ya miaka arobaini. Alichimba, akapumzika, akachimba. Kilipolala chini alikivuta mwenyewe mpaka kwenye shimo la takataka, akakitia moto na shuka yake, pamoja na vitawi vyote vilivyokuwa vikishika mizizi kwenye mifuko. Alilia kidogo. Mama Kisu naye alilia, akasingizia moshi, Bibi akasema moshi unaelekea upande wa pili, asijisumbue kudanganya.

Baada ya chai walitoka wote wawili, na shuka za mitumba begani. Sasa jaribu kufikiria: mtu aliyekaa miaka yote hiyo akiwalazimisha watu kupokea, leo anabisha hodi kudai alichotoa. Nyumba ya kwanza Bibi alikaa robo saa akiuliza hali ya magoti ya mwenye nyumba kabla neno halijatoka. Nyumba ya pili lilitoka haraka zaidi. Ya tano aliingia akisema toka getini, "Jamani, niliwapa chawa, nimekuja kuwachukua." Watu walicheka, wakashangaa, wengine wakajikuna, ikabidi Mama Kisu awaeleze kuwa chawa hawa hawana habari na vichwa vya watu. Wengi walikubali. Lakini kila mmoja aliuliza, kwa adabu au bila adabu, atabaki na nini pale kwenye shimo.

Hilo Bibi hakuwa amelifikiria. Alilijibu kwa mara ya kwanza kwa Fundi Saa, ambaye alikataa katakata. Kichaka chake kilikuwa chini ya dirisha la karakana, na nje ya dirisha hilo kulikuwa na mtaro.

"Bibi, bila ua hili mimi nafanya kazi na mtaro puani," alisema. "Siling'oi. Labda unipe kitu cha maana."

"Nitakupa mchungwa. Maua yake nayo yananukia."

"Wa mbegu? Nisubiri mpaka nife?"

"Wa kubebeshwa," alisema Bibi. "Miaka mitatu unakula machungwa."

Fundi Saa aliweka chini koleo lake dogo. "Wa kubebeshwa? Si wewe ulituambia hapa hapa kwamba ile ni miti vilema?"

Mama Kisu alitazama saa za ukutani, ambazo kila moja ilionyesha wakati wake.

"Nilisema," alijibu Bibi. "Na sasa nayatafuna maneno yangu, unaniona. Machungu, lakini yanamezeka. Utapata mchungwa wa mkono wa huyu hapa, na usipozaa njoo uniite mwongo mbele za watu."

"Na ule utepe mwekundu bandani? Nikisikia miche imechomwa je?"

"Njoo uniite mwongo siku hiyo hiyo."

Walipotoka na kichaka ndani ya shuka, Mama Kisu alimshika mkono. "Mama, umeahidi miche ambayo hatujui kama itapona."

"Najua nilichoahidi." Na kila nyumba iliyobaki aliahidi vivyo hivyo, kisha akarudi kwenye zile za mwanzo kuahidi huko pia, ili mtu asione ameonewa. Mpaka jioni michungwa ishirini na miwili ilikuwa na wenyewe, na heshima ya Bibi yote, aliyoijenga toka ujana wake, ilikuwa imesimama juu ya vichipukizi vya mkwewe.

Tangu hapo Mama Kisu hakulala vizuri. Zamani angepoteza miche tu. Siku ya kumi wakubwa bandani walipungua. Siku ya kumi na tano alimkuta mmoja, peke yake, na hata huyo alikaa kwa unyonge. Bibi sasa alishinda bandani naye, lenzi ya Fundi Saa jichoni, akigeuza majani na kutoa taarifa kwa sauti: "Huu safi! Huu nao safi! Huu una vumbi!" Fundi Saa alikuja mara mbili kuidai lenzi yake, akaambiwa avumilie, saa hazina haraka.

Siku ya ishirini na moja Mkaguzi alifika. Alitoa utepe mwekundu, akauweka mfukoni bila kuahidi lolote, akaingia. Alitumia saa mbili na nusu. Wanawake wawili walimfuata mstari kwa mstari bila kuzungumza, na kwa Bibi hiyo peke yake ilikuwa kazi ngumu kuliko kung'oa kichaka. Kwenye mstari wa mwisho, mche wa nne kutoka ukutani, Mkaguzi aliinama na hakuinuka.

"Kuna mtoto hapa," alisema.

Mama Kisu aliona moto, aliona majirani getini, aliona Bibi akiitwa lile neno mbele za watu kwa sababu yake.

Mkaguzi akasogeza kioo chake karibu zaidi. "Ngoja," akasema. Akaguna. Akachomoa kijiti mfukoni, akamgusa mdudu. "Mama, njoo uone mgongo wake."

Mama Kisu alitazama. Mtoto wa chawa alikuwa wa kahawia, mkavu, mgumu kama ganda la mbegu, na mgongoni alikuwa na tundu la duara, safi, kama limetobolewa na fundi.

"Huyu alikufa zamani," alisema Mkaguzi, na kwa mara ya kwanza maneno yalimtoka kwa wingi. "Kuna nyigu mdogo sana, hata kuuma hawezi, anamtagia yai chawa. Mtoto wa nyigu anamla chawa mpaka anabaki ganda, kisha anatoboa na kutoka. Mngepiga dawa kali mngemuua huyu nyigu kwanza. Nyinyi mmeosha kwa sabuni, mmeng'oa makazi, yeye akamalizia aliyebaki. Nimekagua vitalu miaka kumi na moja, hii nimeiona mara mbili."

"Kwa hiyo?" aliuliza Bibi. Uvumilivu wake ulikuwa umefika mwisho.

"Kwa hiyo hakuna aliye hai. Miche yenu ni safi."

Bibi alipiga kigelegele kilichowatoa watu majumbani. Mama Kisu alicheka, akashindwa kunyamaza, akacheka mpaka akachuchumaa. Mkaguzi alitoa fomu ya cheti, akaiweka juu ya tangi la pikipiki na kuanza kujaza.

"Mwenye kitalu?"

"Mimi," alisema Bibi, akataja jina lake.

"Na fundi mbebeshaji? Hapa panataka jina kamili."

Mama Kisu alijifuta macho, akafungua mdomo. Lakini Bibi alikuwa amekwishaanza. Alilitaja jina la mkwewe, lile alilopewa alipozaliwa, ambalo nyumbani pale hakuna aliyelitumia toka siku ya harusi. Akaongeza la baba yake na la babu yake, kwa mpangilio, bila kukosea. Kisha akamwambia Mkaguzi aandike kwa herufi kubwa, maana cheti kitabandikwa mlangoni na watu wa mtaa huu wana macho mabovu.

Mama Kisu alisimama na mikono yake iliyochubuliwa na sabuni, asijue aiweke wapi.

"Sasa unalia nini?" aliuliza Bibi. "Chagua michungwa ishirini na miwili iliyonyooka. Watu wako getini."